Wenye Kahawa Tunakunywa ya Pakiti

Wadau, nimekuwa kimya karibu wiki tatu, kazi za gazeti zilinibana. Leo nimerudi na hasira, na hasira yenyewe ni ya kahawa. Msicheke.

Wiki iliyopita nilitumwa kuripoti semina ya kilimo hapa Tanga, kwenye hoteli moja ambayo sitaitaja. Asubuhi nzima tulihubiriwa mazao ya biashara, kahawa ikiwemo, tukasihiwa Watanzania tupende vya kwetu. Ikafika saa nne, mapumziko. Mezani kuna chupa ya maji moto, bakuli la sukari, na vipakiti vya kahawa ya kuyeyuka iliyotengenezwa ng'ambo. Angalau vitumbua vilikuwa vya Tanga. Nikamuuliza mhudumu kama ipo kahawa ya kuchuja. Akaniangalia kama niliyeulizia bia msikitini. "Kaka, si ndiyo hiyo hapo?"

Simlaumu hata kidogo. Alisema tu kile tunachoamini sisi tuliosoma, kwamba kahawa ni kijiko cha unga, maji moto, koroga, basi.

Kabla sijashambuliwa, naomba ieleweke simzungumzii muuza kahawa wa Ngamiani. Yule mzee anayepita jioni na dele lake lenye makaa chini, akigonganisha vikombe, ni mtu wa mwisho kulaumiwa. Kahawa yake imekaangwa, imetwangwa, imechemshwa, na unaishushia kashata. Wazee wa barazani wanaijua kahawa kuliko sisi wenye digrii zetu. Sisi ndio tulioamua kwamba kahawa ile ni ya wazee na wacheza bao, tukarudi nyumbani kwenye kopo kabatini na kujiona tumeendelea.

Wala siitukani Africafe. Inatengenezwa hapa hapa nchini, kwa kahawa yetu, na safarini imeniokoa mara nyingi. Lakini tuambizane ukweli: kahawa ya kuyeyuka ni kahawa iliyokwishapikwa kiwandani ikakaushwa. Wewe nyumbani unairudishia maji tu. Harufu nyingi ilishapotelea njiani. Kuinywa ukiwa ndani ya basi sawa, ila kuinywa kila siku ya maisha yako, katika nchi inayolima arabika Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga, huo ni uvivu, na uvivu huo tumeupa jina la ustaarabu.

Na mtu wa Tanga asiniambie eti kuhangaika na kahawa ni uzungu. Wajerumani waliipanda Usambara Mashariki miaka ya 1890 wakashindwa, maana ule msitu mnene uliwadanganya, udongo wake ukachoka upesi. Lakini reli waliyoianza hapa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911, na kahawa ya Kilimanjaro ikateremka nayo hadi bandarini kwetu. Babu zetu wameibeba migongoni kupeleka melini. Miaka zaidi ya mia baadaye wajukuu tunachana pakiti iliyorudi na meli nyingine. Hivi jamani, hatuoni haya?

Huko inakokwenda hawaifanyii mzaha. Japani, kahawa ya Tanzania wanaiita Kilimanjaro, na jina hilo kule lina heshima yake. Watu wanasaga punje pale pale wanapotaka kunywa, wanaweka kwenye koni yenye karatasi, wanamwagia maji taratibu na kusubiri. Koni inayojulikana zaidi duniani, V60, ni ya kampuni ya Hario ya Tokyo. Sitini hiyo ni nyuzi za pembe yake tu, hakuna uchawi.

Hapa sasa niwageukie na rafiki zangu wa Dar, wale waliokwishaijua hiyo V60. Ninyi nanyi mna lenu. Mmeifanya kahawa ya kuchuja kuwa kama leseni ya urubani. Mara mizani ya kidijitali, mara birika la mdomo uliopinda, mara kinu cha kuagiza nje. Mgahawa mmoja walikonipeleka, kikombe kimoja kilikuwa na bei ya chakula changu cha mchana cha siku mbili. Mtu wa Makorora akisikia hivyo anarudi kwenye kopo lake, na ana haki. Kumbe mwaka 1908, Tanga ikiwa bado mikononi mwa Wajerumani, mama wa nyumbani wa Dresden aitwaye Melitta Bentz alitoboa chombo cha shaba kwa msumari, akachana karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe, akachuja. Ndiyo mwanzo wa karatasi zote hizi mnazoringia. Alitumia vitu vya nyumbani mwake!

Basi na mimi natumia vya kwangu. Karatasi hapa mjini sizipati, kwa hiyo nilimpa fundi cherehani kipande cha marekani (kitambaa kilichokuja na meli za Marekani karne ya 19, jina likabaki hapa), akanishonea kifuko chenye duara la waya mdomoni. Birika langu ni lile lenye mdomo mwembamba, la kutawadhia. Jipya, jamani, msianze. Kahawa natwanga kwenye kinu mpaka iwe na punje kama sukari, isiwe vumbi. Vijiko vitatu vya chakula, kama gramu 15 hivi, kwa robo lita ya maji. Maji yakichemka nayaacha nusu dakika. Namwagia kidogo tu kahawa ilowe, nasubiri tena nusu dakika; ikiwa imekaangwa karibuni utaiona inavimba na kutoa mapovu, ile ni hewa iliyobaki ndani tangu kwenye kikaango. Kisha namwagia taratibu kwa kuzungusha. Dakika tatu, imekwisha. Ikipita haraka ikawa nyepesi yenye uchachu, ulitwanga chenga kubwa. Ikichelewa ikawa chungu, ulitwanga laini mno. Kitambaa kioshe kwa maji matupu, sabuni utainywa kesho. Nusu kilo inanipa vikombe 33.

Mtasema dakika tatu ni nyingi. Wengine humu mnasubiri chipsi dakika 40 bila kulalamika.

Mwaka jana nilipanda Lushoto kwa mjomba wangu. Ana kahawa chini ya migomba, tangu enzi za marehemu babu. Anachuma, anamenya, anakausha kwenye chanja, anauza ikiwa bado na maganda. Yeye na nyumba yake wanakunywa chai ya rangi. Nusu ya mibuni alishaing'oa akapanda kabichi na hoho, kwa sababu kabichi inalipa ndani ya miezi michache, na iliyobaki nayo alikuwa akiipigia hesabu. Nikaomba bakuli moja. Mkaza mjomba akaitwanga kutoa maganda, akapepeta, akaikaanga mwenyewe kwenye kikaango chake mpaka nyumba nzima ikanukia. Nikachuja.

Mjomba alikunywa bila sukari, kimya, akamaliza. Akauliza, "Hii ni ya pale shambani?"

"Ndiyo, mjomba."

"Hii hii?"

Sikumwambia asing'oe. Mimi sinunui magunia, na kikombe changu kimoja Tanga hakimpandishii bei. Lakini najua ile semina ilikuwa na watu zaidi ya sitini, hoteli ina semina kila wiki, na ofisi zetu za habari, na yangu ikiwemo, zinanunua makopo kila mwezi. Nani kati yetu amewahi kumuuliza mtu wa manunuzi kwa nini?

Nilipokuwa nafunga begi nikatafuta kifuko changu sikukiona. Mkaza mjomba alikuwa amekianika kambani, akaniambia kitakaa hapo hapo, mimi mjini mafundi nimejaaliwa. Ikabidi ninunue marekani nyingine.