Kisu cha Chuma Si Kisu cha Plastiki

Watu wengi hudhani kwamba plastiki, kwa kuwa ni laini, hukerezwa kwa kisu chochote kile. Mimi nasema sivyo, na ningependa wenzangu wa karakana, walimu wetu na wazazi wayapime maneno haya. Kitu laini ndicho kitakacho kisu kikali zaidi. Nyanya ikikatwa kwa kisu butu haikatiki, bali hupondeka. Nailoni nayo ni vivyo hivyo.

Adui wa kwanza ni joto. Chuma hulisambaza joto upesi, lakini plastiki hailisambazi. Kisu butu husugua badala ya kukata, joto likakaa pale pale kwenye makali, nailoni ikalainika na kunata, na kazi ikatoka na manyoya. Tena plastiki ipatapo joto hutanuka kuliko chuma. Mche wa nailoni wenye upana wa milimita 50, ukizidi joto kwa digrii 30, huongezeka zaidi ya sehemu 10 za mia ya milimita. Wa chuma hauongezeki hata 2. Basi apimaye kazi ingali moto hujidanganya.

Jambo la pili ni umbo la kisu. Kwa chuma, mafundi wengi huacha nafasi ya digrii 6 hadi 8 chini ya makali. Kwa nailoni yafaa 10 hadi 15, ili kisu kisiguse mahali kisipokata. Uso wa juu uinamishwe nyuma kidogo, kisha ulainishwe kwa kinoo cha mafuta mpaka ung'ae. Lakini akriliki, ile plastiki iangazayo kama kioo, ni kavu na hupasuka. Kwake uso wa juu uwe karibu na ubapa, kisu kisije kikajichimbia.

Wako wasemao kwamba dawa ni kununua vipande vya kabaidi. Kabaidi ni nzuri, sikatai. Nailoni iliyochanganywa na nyuzi za kioo hula makali ya chuma cha kawaida cha kukatia upesi sana, na hapo kabaidi ndiyo yake. Lakini vipande vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya chuma vina makali yaliyoviringwa kidogo ili yasivunjike, na makali hayo huisukuma plastiki. Anunuaye na achague vile vilivyonolewa kwa aluminiamu. Kwa kazi zetu nyingi, chuma kigumu cha haispidi chatosha, nasi tunaweza kukinoa wenyewe.

Hapa ndipo penye shauri langu. Katika karakana visu vyote hukaa sanduku moja. Kisu kilichokereza chuma asubuhi hupewa mwanafunzi wa nailoni mchana. Bushi yake ikiharibika, huambiwa mkono wake ni mzito, akapunguziwa alama. Kumbe uzito uko kwenye kisu! Na mche ulioharibika ni fedha ya mzazi.

Nashauri kila wanafunzi wawili wapewe kipande kimoja cha haispidi, wakinoe kwa plastiki, wakitie alama ya rangi, na kiwekwe katika sanduku la peke yake. Kisiguse chuma kamwe. Na kabla ya kutoa alama, mwalimu akague makali kwanza, kisha kazi.

Neno moja zaidi, nalo ni la usalama. Nailoni hutoa uzi mrefu unaojizungusha kwenye taya za mashine. Usiushike kwa mkono mashine ikienda, zima kwanza.

Wazee walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Wanafunzi wa karakana hatuombi nyama, twaomba kisu tu.