Mafundi wasiwaachie matapeli mitandao

Kuna methali moja ambayo, nionavyo mimi, imewatia hasara mafundi wetu kuliko uhaba wa zana: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeisikia kwa seremala aliyekuwa akipiga randa chini ya mwembe, nikaisikia kwa fundi wa vitasa, na majuzi nikaisikia tena kwa mzee mmoja fundi wa mabomba hapa Mombasa, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa akiitengeneza mifereji ya watu wa mtaa wetu. Aliitamka kwa fahari. Lakini alikuwa amekaa barazani saa nne ya asubuhi, mfuko wake wa spana umefungwa, na ilikuwa siku ya tisa hajaitwa na mtu.

Nami nilimfikia mzee huyo kwa njia ya aibu. Bomba la jikoni kwangu lilikuwa limepasuka usiku. Maji ya visima vya huku pwani yana chumvi, na chumvi huila chuma kama mchwa aulavyo mti. Nikaandika katika kikundi cha WhatsApp cha wapangaji kuuliza ni nani anayemjua fundi. Punde si punde nikaletewa nambari ya kijana ambaye ukurasa wake wa Facebook ulijaa picha za mabafu ya kifahari, vigae vyeupe na mifereji inayometameta. Kijana akaomba shilingi 2,500 kwa M-Pesa ili apitie dukani kununua vifaa. Nikatuma, na tangu hapo simu yake haikupatikana tena. Binti yangu ndiye aliyezitazama zile picha kwa makini, akanionyesha kwamba nje ya dirisha la bafu moja palionekana miti iliyofunikwa na theluji. Theluji, Mombasa!

Kulipopambazuka, muuza maji wa mkokoteni ndiye aliyenielekeza kwa mzee. Anakaa nyumba ya nne nyuma ya yangu. Alikikata kipande kilichooza, akaweka bomba la plastiki na kuliunganisha kwa mashine yake ya moto, akalipangusa kwa kitambaa na kunitaka nifungulie maji nishuhudie mwenyewe. Hakumaliza hata saa moja. Alitoza shilingi 800.

Nikamwuliza, "Mzee, mbona hukujibu kule kikundini jana?"

Akacheka. "Kikundi gani, mwanangu?"

Sina haja ya kuitukana methali. Ilikuwa kweli katika mtaa ulioizaa. Watu walikaa barazani jioni, na ukilalamikia mlango uliotoka bawaba, jirani alikutajia fundi, baba yake fundi, na harusi aliyoalikwa fundi. Sifa ya mtu ilitembea kwa miguu ya wengine. Leo mitaa hiyo inapungua. Nyumba za zamani za Buxton zilipoanza kubomolewa mwaka wa 2021 ili kupisha magorofa, hazikubomolewa kuta peke yake. Ule mtandao wa kwanza wa kijamii, yaani baraza, nao uliondoka. Mpangaji wa gorofa ya saba amehamia mwezi uliopita, na pengine mwakani atakuwa amehama tena. Langoni pana mlinzi asiyemruhusu fundi kupita akibisha hodi. Kizuri chajiuza pale tu penye wapitaji.

Serikali zetu zimewahi kuwafikiria mafundi. Mwaka wa 1992 ulitolewa waraka wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali, na vibanda vimejengwa katika miji mingi. Ila kibanda humpa fundi kivuli. Mteja ni jambo jingine.

Sasa wamezuka walimu wa kuwafundisha vijana kuuza bidhaa mitandaoni, na wengi wao, naogopa, huwapoteza. Humwambia fundi atafute wafuasi elfu kumi, acheze ngoma mbele ya kamera, apendwe na watu wa kila pembe ya dunia. Kwa mwimbaji huenda yakafaa. Lakini mtu wa Kisumu akiipenda picha ya mlango uliotengenezwa Likoni, hatapanda basi kuja kutengenezewa wake. Fundi wa mabomba haitaki dunia. Anataka nyumba mia mbili zilizo mwendo wa baiskeli kutoka kwake, na katika nyumba hizo mia mbili, kila juma hakosi mfereji unaovuja, tangi lililotoboka, au choo kisichovuta maji. Riziki yake iko pale pale alipo.

Kwa hiyo chombo cha kwanza ni kile kikundi cha mtaa. WhatsApp ilitoa mwaka wa 2018 programu ya wenye biashara, nayo haina malipo: fundi huandika mahali alipo na saa zake za kazi, akaweka na picha za kazi zake. Katika ramani za Google pia mtu anaweza kuisajili biashara yake bila kulipa, na mgeni atafutaye fundi aliye karibu akamwona. Haya si mambo ya kumtisha mtu aliyejifunza kuunganisha bomba kwa moto. Tena si lazima fundi mwenyewe awe na simu ya kisasa, maana bei yake na ya bando si mchezo. Mzee wetu ana simu ya vibonye. Mjukuu wake ana ile nyingine. Picha na zipelekwe na mjukuu, nambari iwe ya babu.

Ila picha ziwe za kweli. Hapa ndipo fundi wa haki anapoweza kumshinda tapeli, kwa sababu tapeli hana bomba bovu la kuonyesha. Namshauri fundi aipige picha ile kona chafu kabla hajaigusa, kisha aipige kona hiyo hiyo baada ya kazi, na mkono wake wenye vumbi uonekane. Ataje ni kazi ya mtaa gani, kwa majina tunayoyatumia: nyuma ya msikiti, karibu na kituo cha matatu. Bafu la kifahari huvutia macho, lakini mpangaji hana bafu la kifahari. Ana sinki linalofanana na lile la jirani, na akiliona limepona atapiga simu. Kwanza fundi aombe ruhusa ya mwenye nyumba. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, na hata kama isingekuwapo, ni utovu wa adabu kuitangaza nyumba ya mtu. Fundi wa vitasa aangalie zaidi, asije akawafunza wezi mlango gani umefungwa kwa nini. Naye fundi wa umeme aonyeshe leseni yake, kwani kazi hiyo haifanywi kwa hisani. Ipo Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli inayowapa leseni mafundi wa umeme, na mteja ana haki ya kuiona.

Kuna kilio changu kingine, nacho ni lugha. Mafundi wetu, wakishafungua ukurasa, huandika Kiingereza cha kukopa, kilichojaa maneno makubwa juu ya ubora na bei nafuu, maneno ambayo hayamwambii mama wa Kisauni kama mtu huyu anaweza kuja leo alasiri. Aandike kwa Kiswahili: natengeneza mifereji, vyoo na matangi, kuja kutazama ni shilingi kadha, Ijumaa mchana sipatikani. Bei ya kuja kutazama ikitajwa mapema, nusu ya ugomvi wa mlangoni huisha. Na kuhusu vifaa, mteja alipe moja kwa moja kwa nambari ya malipo ya duka, au aende dukani mwenyewe. Fundi mwaminifu hatachukia utaratibu huo. Mimi kama ningeufuata, shilingi zangu 2,500 zingekuwa mfukoni.

Asiwachoshe watu, vilevile. Yuko mmoja katika kikundi chetu aliyekuwa akituma tangazo lile lile mara tatu kwa siku, hata siku tuliyokuwa tukichangia mazishi. Aliondolewa, na sikusikia aliyemtetea. Ni afadhali fundi aseme jambo la kufaa: kabla masika hayajaingia awakumbushe watu kusafisha mifereji ya paa, au aeleze pa kufungia maji ya nyumba nzima bomba likipasuka usiku. Lau mtu angelinieleza hilo, jikoni kwangu pasingekuwa bwawa.

Nisiwalaumu mafundi peke yao. Sisi wateja tuna dhambi yetu. Fundi akikosea, tunaandika kikundini aya nzima, na picha juu. Akitutendea mema, tunamwambia "ahsante, fundi" pale jikoni, tukafunga mlango, na sifa ikaishia humo. Sifa ya zamani ilibebwa na majirani. Sioni ni kwa nini ya sasa ibebwe na fundi mwenyewe. Jirani mmoja akisema kwa jina lake kwamba fundi fulani alinijia saa fulani, akanitoza kiasi fulani, na mwezi wa tatu sasa hapavuji, maneno hayo yana uzito kuliko ukurasa mzima wa picha. Mimi mwenyewe nilikaa siku nne kabla sijaandika neno juu ya mzee, na katika siku hizo nne wapangaji wawili waliuliza fundi, wakapewa nambari ya mtu mwingine.

Siku ya tano niliandika. Kabla ya magharibi alikuwa amepigiwa simu mara tatu, na moja ilitoka kwa jirani anayepita mbele ya baraza yake kila asubuhi akienda kazini.

Wasimamizi wa vikundi vingi wamepiga marufuku matangazo yote, na naelewa uchovu wao. Nimewaomba wa kwetu watenge siku moja kwa mafundi wanaokaa mtaani, wanaojulikana nyumba zao, na wamekubali iwe Jumamosi. Mzee alikuja kuniomba nimwandikie maneno, kwa kuwa hati yake, alisema, si ya kutazamwa na watu. Nilikataa. Nilimwita mjukuu wake, akamwonyesha alama ya maikrofoni, nami nikamwambia babu abonyeze pale aseme mwenyewe. Amerekodi mara nne na mara zote amefuta, kwa sababu anaanza na shikamoo na hajui nani atakayemjibu.