Tumtandikie Mkeka



Oktoba ikifika tunavaa utepe wa waridi, tunaandamana asubuhi, tunahimizana kukagua matiti mapema. Ni jambo jema, liendelee. Lakini yupo mwanamke ambaye maandamano yale yanampita: aliyekwisha kupasuliwa, akapigwa mionzi, akamaliza dripu ya mwisho, akarudi nyumbani majirani wakamwambia amshukuru Mungu. Anamshukuru. Ila asubuhi akitaka kujifunga kilemba, mkono unagoma usawa wa bega.

Ninaandika kumwombea huyo mahali pa kuunyoosha mkono wake.

Tunampenda, na kwa mapenzi hayohayo tunamponza. Tunampokonya ndoo, tunampokonya ufagio: pumzika mama, usinyanyue kitu. Si ujinga, hofu hiyo hata madaktari waliishi nayo miaka mingi. Matezi ya kwapani yakitolewa, majimaji ya mwili hukosa njia na mkono unaweza kuvimba, ikadhaniwa kwamba kazi nzito itauvimbisha zaidi. Ndipo mwaka 1996, huko Vancouver, Kanada, daktari Don McKenzie akawapandisha wanawake 24 waliotibiwa saratani ya matiti kwenye mtumbwi mrefu na kuwapa makasia. Walifunzwa taratibu, wakapiga kasia msimu mzima, na uvimbe uliohofiwa haukutokea. Mwaka 2009 Kathryn Schmitz na wenzake, Marekani, wakachapisha utafiti wa wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa tayari imevimba. Walionyanyua vyuma hatua kwa hatua, chini ya uangalizi, hawakuvimba zaidi kuliko wenzao wasionyanyua. Hata vipindi vya uvimbe kupamba moto vilipungua kwao.

Si lazima kuanza na vyuma wala kasia. Mjerumani Joseph Pilates, aliyefungua chumba chake cha mazoezi New York miaka ya 1920, alibuni mazoezi yanayojulikana kwa jina lake mpaka leo. Mmoja wa wanafunzi wake, mcheza dansi Eve Gentry, aliondolewa titi, akarudi kwake, na wakafanya kazi pamoja mpaka mkono ukapanda tena. Ninayapenda mazoezi haya kwa sababu hayaanzi na mkono. Mwenye kovu kifuani hujikunja kulilinda: mabega huja mbele, pumzi huwa fupi. Hapa unalala chali, unavuta pumzi mpaka mbavu zitanuke ubavuni, unakaza misuli ya ndani ya tumbo, kisha mkono unapanda polepole ukifuata pumzi. Leo unafika usawa wa sikio. Wiki ijayo pengine unapita.

Vyumba vyenye mashine za Pilates viko mjini na ada yake si ya kila mtu. Lakini mengi ya mazoezi hayo yanataka mkeka tu, na kanga iliyokunjwa chini ya kichwa.

Kwa hiyo ninawaomba. Kamati za misikiti, wazee wa kanisa, walimu wakuu: mna vyumba vinavyokaa vitupu alasiri. Toeni ufunguo kwa muda wa saa moja, mara mbili kwa wiki. Wataalamu wa fiziotherapia, njooni hata mara moja kwa mwezi kuwaonyesha kina mama mwendo sahihi, maana zoezi lililokosewa huumiza. Akina mama wa vikoba, ninyi mnakutana tayari. Kabla ya kuhesabu hisa, tandikeni mikeka. Nawe mume, ugali upike wewe jioni hiyo, mtoto mbebe wewe. Dakika thelathini za mama bila kuitwa ni sehemu ya matibabu yake.

Ruhusa ya daktari itangulie, hasa ikiwa kidonda bado kibichi au ugonjwa umefika kwenye mifupa. Na mkono ukivimba ghafla, ukawa mwekundu na wa moto, ni hospitali siku hiyohiyo. Hapo hakuna kusubiri kesho wala kuuchua.

Wiki hii ukienda kumjulia hali, pamoja na machungwa, chukua na mkeka. Mwulize mkono wake unafika wapi, kisha lala chini kando yake mwinue mikono pamoja.