Prempeh Hakuhamishwa

Neno "uhamisho" sisi watumishi wa serikali tunalijua vizuri. Mtumishi akihamishwa kutoka Lindi kwenda Bukoba hupewa barua yenye mhuri, hupewa nauli yake na ya mkewe na watoto wake, hulipiwa gharama za mizigo, na afikapo hukuta kazi inamngojea. Hata yule anung'unikaye kwamba ametupwa mbali na minazi yake anajua kuwa iko siku atarudi, kwa likizo au kwa kustaafu. Ndiyo maana hatuachi kushangaa kila tulikutapo neno hilo hilo likieleza jambo alilotendewa Agyeman Prempeh, Asantehene, yaani mfalme wa Waasante, mnamo mwezi wa Januari 1896. Kizazi chetu kilisomeshwa kwamba Waingereza walimwondoa Prempeh kwa kuwa alishindwa kulipa deni, na kwa kuwa alikuwa akiwachinja watu kafara. Kisha "wakamhamishia" Shelisheli. Tukayakariri hayo, tukafanyia mtihani, na baadhi yetu tukapata alama za juu.

Mambo hayo yatupasa kuyachambua moja moja, na kwanza ni hilo deni.

Asante ilikuwa dola iliyounganishwa na Osei Tutu karibu na mwaka 1700, makao yake makuu yakiwa Kumasi, katika misitu ya nchi ambayo leo yaitwa Ghana. Waingereza waliokaa katika ngome za pwani walijuana na dola hiyo kwa muda mrefu, mara kwa biashara, mara kwa vita. Na katika vita vya mwaka 1824 gavana wao, Charles MacCarthy, aliuawa. Miaka 50 baadaye, Februari 1874, Jenerali Garnet Wolseley aliingia Kumasi, akakuta Mfalme Kofi Karikari amekwisha kuondoka, akaipora ikulu, akaibomoa kwa baruti, akauchoma moto mji, akarudi pwani. Baada ya hayo, kwa mkataba wa Fomena, Waasante wakatakiwa kulipa wakia 50,000 za dhahabu ili kufidia gharama za vita.

Msomaji na alitazame jambo hili kwa utulivu. Mtu amekuvamia, amekuchomea nyumba, amechukua vyombo vyako vya dhahabu na kwenda kuvinadi London. Halafu anakuandikia hati ya madai umlipe bei ya baruti aliyotumia. Hilo ndilo deni la Prempeh! Nalo lilipoandikwa, yeye alikuwa mtoto mdogo, wala hakuna aliyekuwa na hakika kwamba siku moja atatawala.

Wahenga wetu walisema dawa ya deni kulipa. Lakini Waingereza wa mwaka 1896 hawakuja kutafuta dawa. Prempeh alipowaambia kwamba atatoa kiasi fulani cha dhahabu papo hapo na kilichobaki atakilipa kidogo kidogo, walikataa. Mdai wa kweli hamfungi mdaiwa anayefungua mfuko. Anayefanya hivyo ana haja nyingine, na haja yenyewe haikuwa siri. Mwaka 1891 Waingereza walimtaka Prempeh aiweke nchi yake chini ya ulinzi wao. Akawajibu, kwa adabu kamili, kwamba hataki. Asante itabaki na mamlaka yake kama ilivyokuwa tangu kale, nayo itakuwa rafiki wa wazungu wote. Wakati huo Wafaransa walikuwa wakisogea kutoka upande wa magharibi, Wajerumani walikuwa wamekwisha kukaa Togo upande wa mashariki, na kaskazini alikuwako Samori Touré na majeshi yake, ambaye Prempeh alikwisha kuanza kupelekeana naye wajumbe. Tena palikuwa na dhahabu. Mwaka 1897, yaani mwaka mmoja tu baada ya mfalme kuchukuliwa, iliandikishwa London kampuni ya Ashanti Goldfields Corporation ili ichimbe dhahabu ya Obuasi. Katika masomo yetu ya zamani deni lilikuwa katika ukurasa mmoja na kampuni katika ukurasa mwingine kabisa, kana kwamba havijuani.

Prempeh hakukaa kimya akingoja kupigwa. Mwaka 1895 alipeleka ujumbe mpaka London, ukiongozwa na John Owusu-Ansa, mtu wa ukoo wa kifalme aliyesoma elimu ya Kizungu, ili uzungumze na serikali ya Malkia kama dola inavyozungumza na dola. Wajumbe walikaa huko kwa miezi. Wizara ya Makoloni haikukubali kuwapokea kama wajumbe wa mfalme. Wakati wao wangali wakibisha hodi, huku nyuma jeshi lilikuwa likitayarishwa.

Jeshi hilo, chini ya Sir Francis Scott, liliingia Kumasi tarehe 17 Januari 1896. Wazungu walikuwamo, lakini walikuwamo pia askari wa Kihausa, na wapagazi na watangulizi wa njia waliokusanywa kutoka makabila ya jirani. Hatuna haja ya kulificha hilo, maana hakuna nchi ya Afrika iliyotekwa bila ya mikono ya Waafrika. Hapakufyatuliwa risasi hata moja. Prempeh alikuwa ameamuru watu wake wasipigane, akawapokea wageni akiwa ameketi, watu wake wamemzunguka.

Tarehe 20 akaitwa mbele ya Gavana William Maxwell. Gavana na wakuu wa jeshi walikuwa wameketi vitini. Mfalme akaambiwa avue mapambo yake, naye akavua. Akaambiwa yeye na mama yake, Malkia Yaa Akyaa, wapige magoti na kuikumbatia miguu ya Gavana na ya wale makamanda, mbele ya wakuu wa Asante waliosimama wakitazama. Akapiga magoti. Mama yake akapiga magoti. Kisha, tendo hilo la unyonge lilipokwisha kamilika, ndipo wakadaiwa wakia 50,000. Na ilipoonekana haziko zote, wakakamatwa: Prempeh, mama yake, baba yake, ndugu yake, pamoja na wakuu wa Mampong, Ejisu na Offinsu na wengineo. Ikulu ikapekuliwa. Makaburi ya wafalme pale Bantama yakatiwa moto. Miongoni mwa maafisa walioshiriki alikuwamo Robert Baden-Powell, aliyetoa kitabu juu ya kuangushwa kwa Prempeh mwaka ule ule, na ambaye baadaye alianzisha chama cha skauti. Amezikwa huku kwetu Afrika ya Mashariki, mjini Nyeri, alikofia mwaka 1941. Wengi wetu tulifungwa skafu za skauti shingoni tukiwa shule, tukaapa kwa vidole vitatu, na hakuna mwalimu aliyetuambia habari za Bantama.

Basi je, huko ni kuhamishwa? Lugha yetu haina umaskini wa maneno. Mtu aliyeitwa kwenye mkutano, akadhalilishwa, kisha akakamatwa yeye na mama yake mpaka itolewe dhahabu, ametekwa. Kiswahili safi cha jambo hilo ni hicho, na mwandishi anayekikwepa ana deni la kutueleza sababu.

Wapo ndugu zetu wanaoyakubali yote hayo lakini wakasema, "Sawa, alionewa, hata hivyo alikuwa mwoga. Mkwawa alipigana mpaka akajiua asishikwe. Samori alipigana miaka kumi na sita. Huyu aliketi tu." Hoja hii twaisikia hasa kwa vijana, na hatuidharau, kwa maana inatoka katika moyo wa kupenda ushujaa. Lakini inapima watu wote kwa pishi moja. Prempeh alikalia kigoda mwaka 1888, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoitawanya Asante, na miaka yake ya utawala aliitumia kuwarudisha waliotengana. Alijua mwaka 1874 ulivyokuwa. Alikuwa na wajumbe Uingereza, akitumaini bado kwamba maneno yatasikilizwa. Kuwaamuru wapiganaji wenye hasira wakae chini, na wakakaa, si kazi ya mwoga. Mwoga hukimbia, na njia za msituni zilikuwa wazi. Wale maafisa walikuja wakitazamia vita na sifa za vita, wakazikosa. Tena, kwa sababu hapakuwa na vita, Waingereza hawakuweza mwaka ule kudai kwamba wameishinda Asante na kuitangaza koloni. Iliwabidi wangoje.

Walingoja mpaka 1900. Machi mwaka ule Gavana Frederick Hodgson alifika Kumasi, akawaambia wakuu kwamba Prempeh hatarudi, akaulizia Kigoda cha Dhahabu, akalalamika kwa nini hakuletewa akalie. Ujinga mkubwa namna hii ni nadra hata katika historia ya ukoloni. Kigoda hicho, ambacho kwa imani ya Waasante kilishuka kutoka mbinguni kwa uwezo wa Okomfo Anokye, kimebeba roho ya taifa zima. Hakikaliwi na mtu, hata Asantehene mwenyewe hakikalii. Vita vikaanza, vikiongozwa na Yaa Asantewaa, malkia mama wa Ejisu, ambaye mjukuu wake alikuwa miongoni mwa wale waliochukuliwa pamoja na Prempeh. Ngome ya Kumasi ikazingirwa, Gavana akatoroka. Mwishowe Waasante walishindwa, na kuanzia tarehe 1 Januari 1902 nchi ikawa koloni. Lakini Kigoda hakikupatikana. Wale wanaomcheka Prempeh husahau kwamba watu waliopigana mwaka 1900 ni wale wale aliowazuia wasimalizwe mwaka 1896.

Kuhusu kafara, tuseme wazi. Asante haikuwa pepo. Watu waliuawa katika mazishi ya wakuu. Watumwa waliuzwa pwani, na majirani wa Asante wana malalamiko yao ya haki mpaka leo. Atakayeandika historia ya Afrika kwa kuficha mambo kama hayo atakuwa anashona kanzu isiyo na kwapa. Lakini hao waliojitia kuhuzunishwa na damu ya Kumasi walikuwa wamenunua watumwa kutoka pwani ile ile kwa zaidi ya karne moja, na katika hati ya madai walitaja wakia za dhahabu.

Prempeh alifungwa kwanza katika ngome ya Elmina, kisha akapelekwa Sierra Leone, na mwaka 1900 akavushwa mpaka Shelisheli, katika Bahari ya Hindi, yeye na jamaa na watumishi wake wapatao zaidi ya 50. Hapo ndipo habari yake inapotufikia sisi wa upande huu. Mwaka 1901 waliletwa huko Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro, waliokamatwa pamoja mwaka 1899. Yaa Asantewaa naye akaletwa. Miaka mingi baadaye alipitishwa huko Sayyid Khalid bin Barghash, yule ambaye ikulu yake ya Unguja ilipigwa mizinga tarehe 27 Agosti 1896, miezi saba tu baada ya mambo ya Kumasi. (Hatumfanyi Sayyid Khalid mtetezi wa wanyonge, twataja tu njia aliyopitishwa.) Saad Zaghlul wa Misri akafuata. Visiwa vile vidogo viligeuzwa ghala la kuwekea viongozi wa watu. Mwanga alifia huko mwaka 1903, Yaa Akyaa mwaka 1917, Yaa Asantewaa mwaka 1921. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923, akafia njiani Jinja kabla ya kuiona Bunyoro.

Na Prempeh? Alibatizwa, akaitwa Edward. Alijifunza kusoma na kuandika Kiingereza, akahakikisha watoto wa msafara wake wanasoma, akaandika maombi mara kwa mara ya kurudishwa kwao. Wapo watakaosema kwamba alimezwa na ustaarabu wa mabwana. Sisi twatazama alichokifanya kwa kalamu aliyojifunza. Mwaka 1907, mama yake akiwa bado hai na kumbukumbu za ukoo zikiwa kichwani mwake, mfalme na jamaa zake walianza kuandika historia ya wafalme wa Asante na ya nchi yao. Alikuwa hana dola, hana jeshi, hajui kama ataiona tena Kumasi. Akakaa kisiwani na mama yake mzee, wakipanga nani alimzaa nani na nani alikalia kigoda baada ya nani. Kazi hiyo haikupigwa chapa mpaka mwaka 2003. Kama kuna kijana anayetaka kujua ujasiri usio na bunduki huwaje, na autazame mswada huo.

Alirudi Kumasi Novemba 1924, baada ya miaka 28 na zaidi. Serikali ilimrudisha kama raia wa kawaida, Bwana Edward Prempeh. Umati uliompokea haukuwa wa kumpokea raia wa kawaida. Mwaka 1926 akaruhusiwa kuwa mkuu wa Kumasi peke yake, na akafariki mwaka 1931 bila ya kurudishiwa cheo cha Asantehene. Cheo hicho kilirudishwa mwaka 1935 kwa mrithi wake, Prempeh wa Pili.

Tungeweza kuishia hapo kama lugha ile ya uhamisho ingekuwa imekufa pamoja na wakoloni. Haikufa. Mwaka 2024, miaka 150 baada ya Wolseley na miaka 100 baada ya Prempeh kurudi, makumbusho mawili ya London, British Museum na Victoria and Albert Museum, yalipeleka vitu 32 vya Asante katika makumbusho ya ikulu ya Manhyia, Kumasi. Vingi vilikuwa vya dhahabu na vya ibada za kifalme. Watu walipanga foleni kuvitazama, na wazee wengine walivaa nyeusi na nyekundu za msiba. Hatuilaumu ikulu kwa kuvipokea. Mwenye kiu hakatai maji kwa kuwa kata si yake. Lakini hati zilizoambatana navyo zilisema kwamba vimeazimwa, kwa miaka mitatu, na kwamba muda huo waweza kuongezwa miaka mitatu mingine. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1963, tunaambiwa, inalikataza British Museum kutoa mali yake. Mwezi Februari mwaka ule ule Fowler Museum ya Los Angeles, ambayo haifungwi na sheria hiyo, ilirudisha vitu saba, moja kwa moja, bila ya tarehe ya kuvidai tena.