Nembo ya Kijani Haimjui Aliyechuma Zabibu

Imeenea mijini kwetu imani kwamba mvinyo wenye nembo ya uendelevu ni mvinyo safi kwa kila hali. Mtu husimama mbele ya rafu Nairobi au Dar es Salaam, akaona kile kibandiko kwenye shingo ya chupa ya Afrika Kusini, akaamini kwamba ardhi imetunzwa, maji hayakuchafuliwa na mchumaji amelipwa vizuri. Hulipa na kwenda zake moyo mweupe. Naipinga imani hiyo kwa sababu ina madhara: inalizima swali ambalo mnunuzi angeuliza kama kibandiko kisingekuwapo.

Nianze na kibandiko chenyewe, maana ndicho kinachoonekana zaidi madukani kwetu. Mwaka 1998 Afrika Kusini ilianzisha mpango wa kukagua mashamba ya mizabibu na viwanda vya mvinyo, unaojulikana kwa kifupi kama IPW. Kuanzia mavuno ya 2010, mvinyo uliofaulu ukaanza kubandikwa muhuri wenye namba, na kwa namba hiyo chupa inaweza kufuatiliwa ilikotoka. Ni kazi ya maana, siidharau. Mpango unauliza dawa gani zimepuliziwa, majitaka ya kiwanda yanamwagwa wapi, na uoto wa asili wa eneo la Rasi (Cape), ambao sehemu yake kubwa haioti kwingine popote duniani, umeachiwa nafasi gani. Lakini kiini cha IPW ni mazingira. Mshahara wa mchumaji haumo.

Sasa ziweke tarehe kando kwa kando. Mavuno ya kwanza yenye muhuri ni ya 2010. Agosti 2011, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu mashamba ya matunda na mvinyo ya Western Cape. Ilieleza habari za wafanyakazi waliopulizia sumu bila vifaa vya kujikinga, waliofanya kazi bila choo wala maji ya kunywa karibu, walioishi katika nyumba zisizofaa binadamu, na waliowekewa vikwazo walipotaka kujiunga na vyama vya wafanyakazi. Novemba 2012 wafanyakazi wa mashamba ya De Doorns, katika jimbo hilohilo, waligoma. Kima cha chini cha mshahara wao wakati huo kilikuwa randi 69 kwa siku. Mashamba mengi ya De Doorns ni ya zabibu za mezani, lakini mgomo ulienea hadi mabonde mengine ya jimbo hilo, na kima kile kilimhusu kila kibarua wa shamba, akiwemo yule anayechuma zabibu za mvinyo. Serikali ikakipandisha hadi randi 105 kuanzia Machi 2013. Hakuna nembo iliyoleta nyongeza hiyo. Walioileta ni watu waliofunga barabara kuu.

Msomaji atasema: basi kuna nembo ya haki za wafanyakazi. Ipo. Shirika la WIETA liliundwa mwaka 2002 kwa ajili hiyo hasa, na lina muhuri wake. Ni muhuri mwingine kabisa, na wanywaji wengi wanaouamini ule wa uendelevu hawajawahi kuusikia huu wa pili. Nao haujamaliza kazi. Mwaka 2016, WIETA ikiwa na umri wa miaka 14, filamu ya Mdenmark Tom Heinemann, Bitter Grapes, ilionyesha hali mbaya ya wafanyakazi katika mashamba yanayouza mvinyo kwa nchi za Skandinavia. Na hadi miaka ya karibuni, wanawake wa mashamba ya Western Cape wameendelea kuandamana kupinga viuatilifu vilivyopigwa marufuku Ulaya lakini vinavyouzwa nchini mwao.

Hata pale nembo inapozungumzia mazingira peke yake, ni lazima kujua imeuliza nini. Ufaransa ina nembo iitwayo HVE, yenye jina la fahari linalodai thamani ya juu ya kimazingira. Kwa miaka mingi shamba liliweza kuipata kwa njia mbili, na mojawapo ilipima gharama ya pembejeo dhidi ya mauzo. Zikiwa hazizidi asilimia 30 ya mauzo, na asilimia 10 ya eneo ikiwa imeachiwa ua wa miti na uoto wa asili, umefaulu. Hebu fikiri. Mwenye chupa ya bei ghali aliweza kupulizia dawa sawasawa na jirani yake maskini, akapewa nembo ambayo jirani alinyimwa, kwa kuwa tu mauzo yake ni makubwa! Njia hiyo ilifutwa mwaka 2023, lakini chupa za miaka ile bado zimo sokoni na nembo yao ileile.

Kilimo hai nacho hakimaanishi kilimo kisicho na dawa. Mizabibu ya kilimo hai Ulaya hupuliziwa dawa za shaba, ukiwemo mrututu, kuzuia ukungu. Shaba haiozi, hujilimbikiza udongoni, na ndiyo sababu Umoja wa Ulaya umeiwekea kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Nakubali kwamba kilimo hai kina masharti makali kuliko nembo nyingi za uendelevu. Lakini anayenunua mvinyo wa kilimo hai akidhani shamba halijaguswa na dawa amejidanganya.

Wapo watakaonijibu kwamba nusu shari ni heri kuliko shari kamili, na nembo yenye kasoro inashinda kutokuwa na nembo. Ningekubali kama nembo ingetusaidia kuchagua. New Zealand na Afrika Kusini zimeidhinisha zaidi ya asilimia 90 ya uzalishaji wao. Karibu kila chupa ikiwa na alama moja, alama hiyo haitofautishi shamba bora na shamba lililovuka mstari kwa unywele. Kwa upande mwingine, mkulima mdogo wa Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hawezi kumgharimia mkaguzi wa kimataifa kwa ekari yake moja. Zabibu zake hazina nembo, na hilo halituambii lolote kuhusu usafi wake wala uchafu wake.

Baada ya filamu ile ya 2016, baadhi ya maduka ya Denmark yaliondoa mvinyo kwenye rafu, kwa kuwa wateja walianza kuuliza. Waagizaji wetu wananunua kutoka jimbo lilelile la Western Cape. Wanaweza kudai jina la shamba, malipo ya kibarua kwa siku, kama chama cha wafanyakazi kinaruhusiwa kuingia getini, na lini mkaguzi alifika mara ya mwisho bila miadi. Wakijibiwa kwamba hizo ni siri za biashara, wakanunue kwingine. Nawe ukiwa dukani, muulize muuzaji maswali hayohayo hata ukijua hana majibu, maana akiulizwa na wateja kadhaa atampigia simu msambazaji, na msambazaji naye atalazimika kuandika barua Cape Town.