Kinyago cha Kujitengenezea

Katika miji yetu mikubwa imeingia desturi ya kuvaa sura za kutisha usiku wa tarehe 31 Oktoba. Wenyewe huuita usiku huo Halloween, na baadhi ya hoteli na kumbi za starehe za Dar es Salaam huupamba kwa maboga na buibui wa uongo. Kijana wa mjini huingia dukani, akatoa fedha, akatoka na uso wa mzimu wa plastiki uliotengenezwa ng'ambo. Naye huitwa mtu wa kisasa. Kijana wa Nachingwea au wa Ruangwa hutwaa gunia la korosho lililochakaa, akalitoboa matundu mawili ya macho, akalishonea ndevu za katani, akalipaka masizi na chokaa, kisha akawaendea rafiki zake barazani jioni ya siku yoyote ya mwaka. Naye huitwa mshamba, au mshirikina, au mhuni. Tendo ni moja, hukumu ni mbili. Nimekusudia kuipinga hukumu ya pili, na pale itakaponibidi nitaicheka ile ya kwanza.

Tuanze na neno lenyewe, maana watu wengi wamelisahau. Leo ukisema kinyago, msikilizaji hufikiri sanamu ya mpingo inayouzwa kwa watalii pale Mwenge. Lakini katika Kiswahili cha zamani kinyago kilikuwa kwanza kitu cha kuvaliwa au kuonyeshwa ili kiogofye au kichekeshe, na kilikuwa na udugu wa karibu na unyago, mafunzo ya kumtoa mtoto utotoni. Hakikuwa pambo la kukaa juu ya kabati. Kilikuwa na miguu: kiliondoka, kilikimbiza watoto, kiliomba tumbaku, kilianguka makusudi mbele ya mzee mwenye kiburi, kikaondoka tena. Sanamu ni mjukuu wa kinyago, na mjukuu huyu amejaliwa bei nzuri sokoni. Lakini si haki mjukuu arithi jina huku babu akifukuzwa nyumbani.

Watu wa kusini hawakungoja kufundishwa jambo hili na mtu. Mwaka 1906 Karl Weule, bingwa wa Kijerumani wa mila za watu, alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na Newala kukusanya vitu kwa ajili ya jumba la makumbusho la Leipzig. Miongoni mwa aliyoyaona na kuyapiga picha mlikuwamo wachezaji waliofunika nyuso kwa vinyago, na mmoja wao akiwa juu ya miti mirefu, akitembea kama korongo. Wamakonde wa upande wetu huviita vinyago vyao midimu. Wenzao wa Msumbiji huita ngoma yao mapiko, na mvaaji wake hujifunika mwili kwa nguo hata isionekane ngozi. Vinyago vingine vimechongwa mti mwepesi, vikabandikwa nywele za mtu, vikachorwa chale kwa nta, na vya sura ya kike vikatiwa ndonya mdomoni. Ni kazi ya siku nyingi na ya mkono uliofunzwa. Weule alirudi Ujerumani na shehena yake. Vitu vikaenda, ujuzi ukabaki, kwa kuwa ujuzi haufungiki ndani ya sanduku.

Basi vinyago hivyo vilikuwa na kazi gani? Hapa ndipo wakosoaji wetu wanapojikwaa, kwa sababu hudhani kazi yake yote ilikuwa kuabudu mizimu. Iko sehemu ya heshima na ya siri, nami nitaifikia. Lakini sehemu kubwa ilikuwa mzaha wenye meno. Katika mapiko mlichongwa uso wa Mreno, uso wa Mhindi mwenye duka, uso wa askari na wa karani. Mtawala aliyemtoza mtu kodi asubuhi, jioni alijiona katika uwanja wa ngoma ana pua ndefu na hatua za kilevi. Hakuweza kumkamata mchezaji, maana aliyecheka hakuwa fulani bin fulani. Aliyecheka ni kinyago. Miongoni mwa wapiganaji waliofunzwa katika kambi ya FRELIMO iliyowekwa Nachingwea katika miaka ya 1960 walikuwamo Wamakonde wengi, nao walitoka kwa watu waliokwisha zoea kumcheka mtawala kabla ya kumpiga risasi. Sisemi kwamba kinyago kilileta uhuru. Nasema kwamba mtu aliyemvaa bwana wake usoni, akamwiga, akamvua na kumtundika ukutani, hawezi tena kumwogopa kama alivyomwogopa jana. Ndiyo maana ya methali yetu kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi.

Katika pwani nzima jambo hili lilikuwa na ndugu. Ngoma ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 ikaenea Tanganyika na vyama vyake vya Marini na Arinoti, iliwavalisha wachukuzi na wapishi mavazi ya maofisa wa jeshi. Walishona wenyewe mikanda na mabega ya dhahabu, wakapeana vyeo vya kifalme, wakazikana na kusaidiana katika shida. Watawala waliitilia mashaka beni, nao hawakukosea: mtu akiona kwamba ujemadari ni suala la kushona vizuri, ataanza kuuliza maswali.

Niruhusiwe kutoka njiani kidogo, kwa sababu Nachingwea inalijua vazi la kuletwa kuliko mji mwingine wowote nchini. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikata kanzu London na kuja kuivisha ardhi ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kanzu hiyo iliitwa Mradi wa Karanga. Hakuna aliyempima mvaaji. Vifaru vya vita viligeuzwa kuwa matrekta, msitu ukang'olewa, reli ikajengwa kutoka pwani, na ilipofika mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha, na pauni zipatazo milioni 36 zimepotea. Reli nayo iliendelea kukohoa hadi ikafungwa mwaka 1962. Mji uliolelewa na vazi lisilomfaa mtu ungepaswa kuwa wa kwanza kumsifu kijana anayejipima mwenyewe na kujishonea gunia.

Sasa tuitazame hiyo Halloween inayotajwa kuwa ndiyo ustaarabu. Asili yake ni Ayalandi na Uskochi, nchi za wakulima na wachungaji. Vijana wao walijipaka masizi, wakageuza makoti nje ndani, wakajifunga majani makavu, wakazunguka nyumba kwa nyumba usiku wa kuamkia sikukuu ya Watakatifu Wote. Na taa zao walizichonga katika mzizi wa tanipu, kwani boga walilikuta Marekani baada ya kuhama katika karne ya 19. Majirani waliwajua wote, na furaha ilikuwa katika kubahatisha: huyu mwenye kigongo ni mtoto wa nani? Kwa maneno mengine, Halloween ya kwanza ilifanana na jioni ya Ruangwa kuliko inavyofanana na ukumbi wa hoteli ya Dar es Salaam. Mwenye uso wa plastiki amenunua maganda ya tunda ambalo jirani yake anamdharau kwa kulilima.

Wakosoaji wana hoja, na si vyema kuzipita. Ya kwanza husema kwamba mambo haya ni ushirikina, na dini haziyataki. Mwenye kusema hivyo na akumbuke kwamba katika Masasi, jirani zetu, wamisionari wa Kianglikana hawakulifuta jando. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa huko kuanzia mwaka 1926 hadi 1944, alilipokea na kulitia ndani ya Ukristo. Kama mtu wa kanisa aliyetoka Uingereza aliweza kutofautisha mila na uchawi, mwalimu wa shule aliyezaliwa Mnacho anashindwaje? Gunia lenye ndevu za katani halimwombi mtu sadaka. Linaomba achekwe mwenye kulivaa.

Hoja ya pili ni ya usalama: mwenye kufunika uso ana nia mbaya. Ingekuwa hivyo, mwaka 2020 tungekuwa taifa la wevi, maana mafundi cherehani walishona barakoa za kitenge na watu wakazivaa sokoni na ndani ya mabasi. Mwizi hutafuta kitu cha kumfanya asionekane kabisa. Mvaa kinyago hutafuta kuonekana na kila mtu, hata na mbuzi. Tena, kijijini kinyago hakimfichi mtu zaidi ya dakika chache. Utamjua kwa mwendo, kwa kikohozi, kwa kidole cha mguu kilichopinda. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba vazi hili ni la miongoni mwa wanaojuana. Mbele ya wageni linaweza kuwa tisho, na mbele ya mtoto mchanga au mgonjwa ni ukatili. Lakini mbele ya rafiki ni swali la mapenzi: je, wanijua kiasi cha kunitambua hata nikiwa hivi?

Anayebisha na atazame utani, ambao watu wa kusini wameutunza vizuri. Msibani, wakati ndugu wamekaa chini na macho yao yamevimba, mtani huingia amevaa nguo za marehemu. Huiga mwendo wake, huiga alivyokuwa akidai chai, huketi kwenye kiti chake na kuuliza mbona mnalia ilhali deni langu hamjalipa. Wafiwa hucheka katikati ya machozi. Nani atasema kwamba mtani yule ni mhuni? Hakukodi vazi lile. Alilitoa kwenye kamba ya nguo ya mtu aliyemjua. Kama tunauruhusu mchezo huo katika siku iliyo nzito kuliko zote, kwa sheria gani tunaukataza siku ya Jumanne, watu wakicheza bao?

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nayo yatoka kwa wazee. Husema: vinyago ni vya jando, vina siri na adabu, kijana akiviburuta barabarani anavivua heshima. Nawasikiliza wazee kwa unyenyekevu, na katika sehemu moja nawakubali kabisa. Kinyago kilichowekwa kwa ajili ya wari na kisichopaswa kuonwa na asiyeingia, kisiguswe. Mwenye kukiiba akakifanya mchezo wa sokoni anastahili faini yake. Lakini kijana wangu wa gunia hajakiiba. Ametengeneza chake, kwa vitu vyake: boksi la sabuni, kibuyu kilichopasuka, kamba ya mkonge, kipande cha neti ya mbu. Hakuna asiyetofautisha kuimba msikitini au kanisani na kuimba njiani wakati wa kutoka shambani. Hatusemi kwamba wa njiani amemwibia wa madhabahuni. Tena nawauliza wazee kwa heshima: huyo mchongaji mtakayemkabidhi vinyago vya jando miaka ishirini ijayo atatoka wapi, ikiwa mkono wake haukuruhusiwa kukosea kwenye boksi la sabuni?

Wapo na marafiki wa utamaduni, ambao kwa kweli wananichosha kuliko maadui wake. Hawa hawavikatai vinyago. Huvitaka jukwaani, mbele ya mgeni rasmi, dakika saba, kisha viingie kwenye gari. Mimi si mpinzani wa matamasha. Lile la MaKuYa la Mtwara, ambalo jina lake limeunganisha Makonde, Makua na Yao, limewapa wachezaji hadhi na hadhira. Ila jukwaa ni kama kituo cha afya: ni jambo jema kuwa nacho, lakini mtu haishi humo. Kinyago kinachotoka mara moja kwa mwaka mbele ya viti vya plastiki na maikrofoni hujifunza kuwa na adabu, na kinyago chenye adabu hakina la kusema. Hakimwigi diwani aliyekaa mstari wa mbele. Hakimwigi mnunuzi wa ufuta mwenye mizani ya ajabu. Barazani vitu hivyo vyote vinawezekana, maana pale hapana ratiba.

Limebaki jambo moja, na sijalisikia likisemwa na yeyote wa pande hizo. Kinyago cha mila kimekuwa mali ya wanaume. Wanawake walitakiwa waamini, au wajifanye kuamini, kwamba ndani ya nguo zile hamna mtu wanayemjua, ijapokuwa mama aliyempikia ugali mchezaji mchana hakosi kuijua miguu yake jioni. Kinyago cha gunia hakina masharti hayo. Msichana wa kidato cha pili ana sindano, na mara nyingi ameshika sindano mapema kuliko kaka yake. Anaweza kujishonea uso wa shangazi yake anayesema sana, akamwendea rafiki yake kisimani, akasikia ndoo ikidondoka. Anaweza kumvaa mwalimu. Anaweza kumvaa mchumba aliyetafutiwa na asiyemtaka, mwenye tumbo la mto na fimbo ya mwanzi, akawaonyesha wenzake, na pengine na baba yake akiwa amepita kwa bahati, jambo ambalo kwa uso wake mwenyewe asingethubutu kulitamka. Wanaotaka gunia lile lichomwe moto watuambie kwanza ni wapi pengine atakapolisemea.