Maegesho yawekewe umeme tangu mwanzo





Sisi waendesha pikipiki wa Mpwapwa hatujasahau mwaka 2022, petroli ilipopita shilingi 3,000 kwa lita. Nauli ikipanda abiria hulalamika. Isipopanda, sisi hurudi nyumbani mikono mitupu. Leo pikipiki na bajaji za umeme zimeanza kuonekana nchini. Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limekamilika, na treni ya umeme inapita hapa kwetu Gulwe tangu mwaka 2024. Lakini anayemtoa abiria Gulwe na kumleta Mpwapwa mjini bado anaogopa kununua pikipiki ya umeme, maana hajui atachajia wapi.

Wenzetu wamelifikiria jambo hili. Mwaka 2019 ulitangazwa mpango mjini Oslo, Norway, wa kuchaji teksi bila waya zikiwa kwenye foleni ya kungoja abiria. Koili moja hufukiwa ardhini, nyingine hufungwa chini ya gari, na umeme huvuka bila vitu hivyo kugusana. Huo si uchawi. Kanuni yake iligunduliwa na Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo inayoendesha transfoma tunazoziona juu ya nguzo mitaani. Maegesho ya namna hiyo yakiunganishwa na simu, dereva hujua kabla ya kufika kama nafasi iko wazi, na malipo ya maegesho na ya umeme hufanyika kwa pamoja.

Wako watakaosema hayo ni mambo ya Ulaya. Ni kweli koili ni ghali, na umeme kidogo hupotea njiani. Lakini la kujifunza lipo: muda wa kungoja abiria ndio muda wa kuchaji. Pikipiki zetu husimama kijiweni saa nyingi bila kazi. Kwetu soketi imara, yenye mfuniko wa kuzuia vumbi na mvua, inatosha kuanzia. Koili zitakuja bei ikishuka.

Hivyo basi natoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, kila yanapojengwa maegesho mapya, iwe stendi, sokoni au kituo cha treni, bomba la kupitishia nyaya lifukiwe kabla ya kumwaga zege au lami. Kujenga leo na kubomoa kesho ni kupoteza fedha za wananchi.

Pili, malipo yawe ya mara moja. TARURA ilianza mwaka 2021 kukusanya ushuru wa maegesho kwa njia ya kielektroniki katika baadhi ya miji, na TANESCO huuza umeme kwa LUKU. Vyombo hivi viwili vikae pamoja, ili mtu aone kwenye simu yake kiasi gani ni cha maegesho na kiasi gani ni cha umeme. Si haki chombo kisimame mara moja kidaiwe na watu wawili. Na mtandao ukikatika, soketi ikubali tokeni, mtu asikwame.

Tatu, nafasi hizo zilindwe. Betri ikijaa, chombo kiondoke ili mwingine achaji. Nafasi ya kuchaji isigeuzwe kivuli cha kuegeshea magari ya wakubwa ambayo hata hayatumii umeme.

Kwa asiyeweza kungoja, ipo njia ya Kigali, Rwanda, ambako waendesha pikipiki huacha betri iliyokwisha na kuchukua iliyojaa. Hata hiyo inahitaji mahali palipotengwa na penye umeme.

Miji mikubwa itapata maegesho ya aina hii, sina shaka. Ninachoomba ni kwamba miji midogo kama Mpwapwa isingojee makombo. Sisi ndio tunaonunua petroli kwa lita moja moja, na kila shilingi inayookolewa huonekana mezani jioni.

Mwendesha pikipiki,
Mpwapwa.